Kwa Kinywa Chake Mwenyewe

Detroit, 11 Januari 1993

Dada Zip,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Hakuna aliyekufa. Najua huko kwenu Ellerbee barua ni kitu anachotumiwa mtu na serikali, au na ndugu aliyemnunia. Mimi si serikali na sijakununia. Simu siitumii siku hizi. Daktari ameniambia nipumzishe koo, nami kwa mara ya kwanza maishani nimeamua kumtii mwanamume.

Huku theluji imepanda hadi dirisha la jikoni. Corliss anapita kila jioni akitoka kufundisha, ananikorogea uji wa mahindi na kunikodolea macho mpaka niumalize. Ni mtoto mwema, ila angefaa zaidi kuwa askari jela. Watu wa jumba la muziki nao wamekuja tena. Wanataka kunifanyia usiku wa heshima na kubandika ukutani picha yangu kubwa kuliko nyumba tuliyozaliwa. Nimewajibu kwamba bado nafikiria. Kuna msichana ameurekodi upya ule wimbo wangu. Anauimba mbio kama aliyeacha sufuria motoni, lakini sauti anayo, siwezi kumnyima.

Sasa shida yangu. Nataka kuzikwa Ellerbee, pembeni ya Mama, pale panapobaki kati yake na ukuta wa mawe. Usianze kulia, nimeshasema hakuna aliyekufa. Nina miaka sitini na mmoja, na mtu wa umri huu huanza kuangalia atakapolala. Najua makaburi ya Mlima Nebo ni ya washirika wa kanisa peke yao, na mimi mlinitenga mwaka wa hamsini na tisa. Kwa hiyo nataka kurudi kundini. Wewe ni mama wa kanisa na mashemasi wanakuogopa. Niulizie wanataka nini.

Mdogo wako,
Lavonia


Ellerbee, Georgia, 19 Januari 1993

Kwa Bibi Vonnie Tisdale, nyota wa dunia nzima na vitongoji vyake,

Barua yako imefika, bahasha nzuri sana. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, bado ilikuwa barua. Kwa taarifa yako simu yangu haijafa. Iko palepale ukutani jikoni na inalia vizuri. Mtu tuliyenyonya naye ziwa moja ananiandikia kama anayeomba kazi! Haya basi, tuandikiane, kama ndivyo watu wakubwa wafanyavyo.

Na hilo koo linalopumzika ni koo lipi? Juzi nilikuwa saluni kwa Earlene, redio ikawa inaongea, mtangazaji akasema, "Sasa huyu hapa Vonnie Tisdale, wimbo mpya kabisa." Ukaanza. Loo! Ulipofika pale unapopandisha, Earlene alijisahau akaniunguza sikio kwa kitana cha moto. Sikio hadi leo lina malengelenge. Vonia, kama hutaki kuongea na mimi, sema hutaki. Usimsingizie daktari wa watu.

Unachouliza unakijua, sijui kwa nini unajifanya mgeni. Sheria ya Mlima Nebo ni ileile ya babu zetu. Aliyetengwa anakuja Jumamosi ya agano, ile ya kwanza ya mwezi, anasimama mbele peke yake na kutoa mstari wa wimbo kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna piano, hakuna kwaya. Kanisa likimwitikia kwa kuuimba mstari ule, amerudi, na siku hiyohiyo anakula na wenzake. Likinyamaza, anachukua kofia yake anaondoka, na hakuna anayemfuata njiani kumuuliza. Hatutaki hotuba wala kuungama mbele za watu. Wazee walisema Mungu ameshayasikia yote, sisi tukiyasikia tutayapeleka sokoni tu.

Sikufichi, watu hawajasahau. Ulichukua wimbo wa Mama, "Bwana, nimetoka mbali," ukamwondoa Bwana ukamweka mpenzi, na nchi nzima ikaukatia viuno. Shemasi Satterwhite anasema mpaka leo tukifika kwenye mstari ule kanisani, kiuno chake kinamsumbua, na dhambi hiyo anaiandika kwa jina lako. Lakini wakishakusikia wataitikia. Kuna aliyewahi kukusikia akanyamaza? Njoo tu ufungue mdomo. Nitakupikia sukuma wiki kwa mfupa wa nguruwe, na huo uji wako wa hospitali utamwachia Corliss.

Dada yako ambaye ana simu,
Zipporah


Detroit, 27 Januari 1993

Dada Zip,

Pole na sikio. Wimbo uliousikia si mpya, wanasema uongo. Niliuimba zamani, Corliss akiwa bado anatambaa, wakauweka kwenye kabati la studio wakausahau. Mwaka jana mtu alikuwa anahamisha makabati. Mimi mwenyewe niliusikia jikoni, nikasimama kumsikiliza yule mwanamke. Anajua kazi yake.

Nina swali moja. Je, mtu mwingine anaweza kunitolea mstari? Wewe, kwa mfano. Mimi nisimame pembeni yako, wewe utoe, kanisa liitikie, tukale. Wakikubali nakuja mwezi wowote mnaotaka.

Usiniulize sababu. Tulipomzika Mama mwaka wa sabini na moja, ulinikalisha benchi la nyuma kabisa na wageni, ukanipa kipepeo cha karatasi cha kampuni ya mazishi, ukaenda mbele ukamwimbia Mama. Wiki ileile nilikuwa nimeimbia watu elfu ishirini uwanjani, na sikuruhusiwa kumwimbia mama yangu. Sikukuuliza sababu. Nilijipepea tu. Kwa hiyo na wewe nivumilie hili moja.

Theluji bado ipo.

Lavonia


Ellerbee, 8 Februari 1993

Lavonia,

Jumamosi tulikuwa na kikao cha agano. Nililipeleka swali lako kama lilivyo, na nitakueleza kila kilichotokea ili usije ukakisikia kwa mtu mwingine.

Mchungaji Pinkney, huyu kijana wetu mpya, alisema wewe ni mtu mkubwa, kanisa lilegeze kidogo. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Hata Satterwhite alikuwa anakuna kidevu, na akikuna kidevu ujue anaelekea kukubali. Hapo mimi nikasimama.

Nilikuwa na hasira, Vonia. Nilikuwa nimekaa na hasira hiyo tangu barua ya kwanza. Niliona mtu aliyezoea kufunguliwa mlango wa gari anataka hata mlango wa Mungu afunguliwe na mtu mwingine. Unaimba redioni mpaka watu wanaungua masikio, halafu mbele ya Mlima Nebo unataka nikuimbie mimi! Kwani sisi hatustahili? Nikasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikatoa hoja kwamba hakuna atakayemtolea mwenzake mstari, wala kumsaidia, wala kumwanzishia kwa kuguna. Kila mtu atarudi kwa kinywa chake mwenyewe au asirudi. Hoja ikaungwa mkono, mikono ikapanda yote.

Nilifanya hivyo kwa kuwa nakupenda na kwa kuwa ulinikera, sijui kipi kilitangulia. Mahali pembeni ya Mama pako wazi. Njoo uimbe kama ulivyofundishwa humuhumu.

Zipporah


Detroit, 17 Februari 1993

Mama mkubwa Zipporah,

Mama hajui kama nakuandikia. Aliniapisha, na leo nakivunja kiapo.

Mama hana sauti. Simaanishi imekwaruza. Septemba iliyopita walimpasua kwa ajili ya saratani, wakaondoa chombo chote cha sauti. Sasa anapumulia tundu la shingoni na kulifunika kwa skafu. Hawezi kusema hata jina langu. Anaandika kwenye kibao cha watoto nilichomletea kutoka darasani, na akicheka mabega ndiyo yanayotikisika. Ndiyo maana hakupigii simu. Kila ukipiga ananyoosha mkono hadi kwenye kifaa, halafu anaurudisha. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi.

Nilimwomba akuambie tangu mwanzo. Aliandika kwenye kibao: "Watasema Mungu amechukua kilicho chake." Nikamwambia Mama mkubwa hawezi kusema hivyo. Akafuta, akaandika: "Atakuwa wa kwanza."

Tena ugonjwa umerudi. Madaktari wanazungumza kuhusu majira ya joto, ya baridi hawayataji. Hana tamaa na ule usiku wa heshima wala na picha ya ukutani. Kitu pekee alichoniomba tangu Septemba ni mahali pale pembeni ya bibi.

Barua yako ya kikao alipoisoma aliikunja, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi, akalala. Mama mkubwa, mimi nimelelewa kuheshimu wakubwa, kwa hiyo nitasema hili moja tu. Nakulaumu.

Corliss


Ellerbee, 8 Machi 1993

Mdogo wangu Vonia,

Usimgombeze Corliss. Ameniambia. Barua yake imekaa hapa wiki mbili na zaidi, nikianza kukujibu mkono unakataa. Kwanza nilitaka nije na habari njema. Sina.

Nikuambie ukweli, kwa sababu utauona usoni mwangu tukikutana. Ulinijua vizuri. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba huna sauti, wazo lilinijia kwamba Mungu amechukua kilicho chake. Lilinijia nikiwa kwenye sinki, likanifuata mpaka mlango wa nyuma. Nilipofika uani niliwaona kuku wangu, nikakumbuka ulivyokuwa ukiwaimbia kuku ukiwa na miaka minne, Mama anakuambia nyamaza utawatisha watage mawe. Nikaona aibu, nikakaa chini kwenye ngazi. Mungu gani huyo wa kumpokonya mtu kitu baada ya miaka yote hiyo, kama mwenye duka? Nisamehe. Nimelia mpaka Earlene aliponiona aliuliza nani amekufa.

Jumamosi nilisimama tena kwenye kikao. Nikawaeleza yote, nikaomba hoja yangu ifutwe. Maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu. Satterwhite alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Akasema, "Mama Zipporah, mwezi uliopita ulituambia sheria ya wazee haipindwi kwa mtu mkubwa. Leo ni ndugu yako, inapindwa?" Mama mmoja wa nyuma akasema labda Bwana mwenyewe ameshatoa hukumu. Wengine wakanyamaza, nami namjua anayenyamaza kwa huruma na anayenyamaza kwa kukubali. Mchungaji Pinkney akapigisha kura, tukashindwa. Mdomo wangu umekuponza wewe, ingekuwa haki uniponze mimi.

Niambie unakula nini. Niambie kama inauma. Simu nitakupigia kila Jumapili baada ya ibada, wewe unyanyue tu usiseme kitu. Nitaongea mimi. Unajua naweza.

Zip


Detroit, 20 Machi 1993

Dada Zip,

Nakula vitu laini. Inauma asubuhi, mchana inazoeleka. Jumapili nilinyanyua simu, ukaniambia habari za mguu wa Satterwhite, za kuku na za bei ya nyama kwa muda mrefu mno. Endelea.

Kuhusu lile wazo lililokufuata mpaka mlangoni, mimi lilinijia kitandani hospitali na halikuondoka mpaka alfajiri. Kwa hiyo tusameheane, maana mimi sikuwa na kuku.

Nitakueleza mambo yalivyo bila kulia. Hamna sauti. Ilikuwepo, watu wakaipenda, mimi nikaishi nayo vizuri kama mtu anavyoishi na mume mwenye sifa. Watu walikuwa wakinishika mkono njiani na kuniambia, "Wimbo wako ulicheza tulipooana," au "tulipomzika baba." Sikuwahi kuona wananiongelea mimi. Walikuwa wanajiongelea wao, nami nilifurahi kuwepo. Nilidhani ikiondoka nitakuwa sina kitu. Niko, na nina njaa saa za kula, na Corliss bado ananikera. Ila pembeni ya Mama nataka. Sina maelezo mengine. Nataka, nami nina haki ya kutaka kitu.

Nitakuja Jumamosi ya agano, mosi Mei. Corliss atanipandisha treni. Najua kura ilikwendaje. Nitasimama mbele nitoe mstari kama nilivyofundishwa. Wakinyamaza nitachukua kofia yangu. Lakini sitaki kukataliwa kwa posta. Waniangalie usoni wakininyamazia.

Na wewe usifungue mdomo. Hoja ni yako. Ukinisaidia hata kwa kuguna watasema akina Tisdale wamedanganya, na Mama atalazwa na mwizi pembeni. Niahidi.

Andaa sukuma, uisage.

Vonia


Ellerbee, 29 Machi 1993

Vonia,

Naahidi. Mungu anisaidie, sijawahi kuahidi kitu kigumu hivi.

Chumba cha nyuma nimekisugua chote. Sukuma isagwe? Haya, dunia ina mambo. Nitaisaga.

Zip


Ellerbee, 3 Mei 1993

Corliss mwanangu,

Nilikuahidi nitakuandikia yote, na Mama yako mkubwa ananichungulia begani kuhakikisha simsemi vibaya. Nimemwambia kwa kibao akakaange kuku. Amekwenda.

Kanisa lilijaa. Wengine walikuja kwa ajili ya agano, wengine walikuja kumwona Vonnie Tisdale, na siwalaumu, Ellerbee hakuna sinema. Nilivaa lile gauni jeupe na skafu ya kijivu. Mchungaji Pinkney, mtoto mzuri wa watu, alinisomea jina langu kamili kisha akakaa na kutazama viatu vyake. Nikaenda mbele. Nimesimama mbele ya viwanja vizima nikiwa na homa, nikiwa nimeachwa na mume saa ileile, sikutetemeka. Jumamosi niliogopa.

Nikavua kofia nikaiweka mezani. Nikafungua mdomo, nikatoa mstari wa Mama, na Bwana nikamrudisha mahali pake: Bwana, nimetoka mbali, miguu ina vumbi. Niliutoa taratibu, neno kwa neno, kama tulivyofundishwa kuwatolea watu wasiojua kusoma. Bila shaka hakikutoka kitu. Skafu ilicheza kidogo kwa pumzi, basi.

Vipepeo vya karatasi vikasimama mikononi mwa watu. Nilimwona Zip benchi la mbele amejaza leso mdomoni, ameiuma kabisa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Hakuguna. Ahadi yake aliitimiza, na niliona inavyomgharimu. Watu wakanitazama nami nikawatazama. Hawakuwa na ubaya usoni. Walikuwa wanangoja kitu wanachokijua na hakikuja, na kwa sheria yetu mtu haitikii kisichotolewa. Nikahesabu kimoyomoyo pumzi ambazo kwa kawaida kanisa huvuta kabla ya kuitikia. Zikapita. Shemasi Satterwhite akashika ukingo wa benchi ainuke kufunga kikao. Mimi nikanyoosha mkono kuchukua kofia.

Hapo ndipo Ola Mae Gantt alipoanza.

Humjui. Ni bibi mmoja mkongwe anayekaa kona ya wazee. Alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu msichana, mashine zikamla masikio yote mawili, na tangu siku hizo hasikii hata radi. Wimbo anaufuata kwa kumtazama mdomo anayetoa mstari. Na habari za kikao hakuna aliyemwambia, kwa sababu kumwambia Ola Mae siri ni kuipigia kelele mpaka wilaya ya pili isikie. Kwa hiyo bibi wa watu alikuja kanisani Jumamosi kama Jumamosi zote, akaona mwanamke amesimama mbele na kutoa mstari, akausoma mdomoni. Kwake hakikupungua kitu. Alingoja wenzake waanze, wakachelewa, akaona ni uvivu wao. Akafumba macho akaitikia.

Sauti yake ni ya mlango wa zizi, Corliss. Hajisikii, kwa hiyo haipunguzi. Alilivuta lile neno la kwanza, akalivuta, peke yake kanisa zima, kichwa kimelala nyuma. Na pale Nebo mtu anaweza kukunyima mkono, anaweza kukunyima kaburi, lakini hakuna aliyewahi kumwacha bibi kizee akiimba peke yake. Hiyo ni aibu ambayo hatujaitungia sheria. Nilisikia miguu ikianza kupiga sakafu. Mzee mmoja akaingia kwa sauti ya chini. Wanawake wa nyuma wakaingia. Neno la tatu lilipofika kanisa zima lilikuwa ndani, na Zip ametema leso. Nikamwona Satterwhite bado ameinama nusu, mkono kwenye benchi, mdomo uko wazi na unaimba. Baadaye aliapa kwamba ulitoka wenyewe.

Mstari ukaisha. Wakanyamaza wote. Ilinichukua kitambo kuelewa kwamba wananingoja mimi. Mstari wa pili hutolewa na yuleyule.

Nikautoa. Safari hii hakuna aliyengoja sauti. Kila jicho lilikuwa mdomoni mwangu, kanisa zima linanitazama kama Ola Mae, na wakaitikia kabla sijafunga midomo. Tukaimba beti zote. Zile mbili za mwisho nilidhani nimezisahau, kumbe zipo.

Tulipomaliza, Satterwhite alisema ni wajibu wake kuuliza kama mambo yamekwenda kwa utaratibu. Akaenda kona ya wazee, akainama kwenye sikio la Ola Mae, akapiga kelele, "Dada Gantt! Ulimsikia huyu akitoa mstari?"

Bibi akamtazama kama mtoto aliyekojoa.

"Nimemsikia vizuri kabisa," akasema. "Tisdale wote wanatamka. Wewe ndiye unayemung'unya, miaka yote hii nakuambia."

Kanisa lilianguka kwa kicheko, Mchungaji akiwa wa kwanza. Satterwhite alicheka pia, akaja akanipa mkono wa ushirika, mkono wa kazi, mzito. Hakuniachia haraka. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Karibu nyumbani, Lavonia." Watu wakapanga mstari nyuma yake. Nililia, mwanangu, sikuficha. Miaka yote niliwapa watu kila nilichokuwa nacho wakaniitikia, na niliona ni haki yangu. Jumamosi sikuwa na cha kuwapa, wakaitikia. Sijui nifanye nini na furaha kubwa hivi katika umri huu.

Waambie watu wa jumba la muziki wabandike picha yao, wamtafute yule msichana mwenye haraka awaimbie. Mimi sirudi Detroit. Shule ikifunga njoo, leta viatu vyangu vya chini na uache uji.

Jana baada ya ibada Zip alinipeleka kwa Mama. Nyasi zimekatwa. Nilisimama nikaitazama ile nafasi kati yake na ukuta, nikaandika kwenye kibao kwamba inaonekana nyembamba. Zip akasema mimi tangu utoto nalalamikia kitanda. Kisha akavua kofia yake ya mama wa kanisa, akashika ukuta, akashuka goti moja, la pili, akajilaza pale chini chali na gauni lake jeupe lote, mikono kifuani, kupima. Watu walikuwa bado wanatoka kanisani wanatuona. Akatazama juu.

"Panatosha," akasema. "Hata mimi naingia, ukijisogeza."

Nikalala pembeni yake, nikajisogeza.

Mama yako,
Lavonia